Kwa Mwendo wa Watoto

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 13:5–18, Mwa. 33:12–20, 1 Sam. 1:21–28, 1 Sam. 2:12–26, Kum. 6:4–9, Yer. 29:4–7, Ezra 8:15–23.

Fungu la Kukariri: Mwanzo 33:14.

Chukulia familia moja ya Waadventista Wasabato huko Mwanza. Baba amepokea barua ya uhamisho. Baada ya majuma matatu anatakiwa kuripoti ofisini Dar es Salaam, karibu na Posta. Mama ni muuguzi. Ameomba uhamisho wa kumfuata mume wake, lakini majibu bado. Wana watoto wawili, binti wa miaka minne na mvulana ambaye hajatimiza miwili. Dalali wa Dar es Salaam amekwisha kutuma picha za nyumba kwenye simu, na anataka kodi ya miezi sita kabla mwingine hajaiwahi.

Kila mtu ana shauri. Kaka wa baba anasema nyumba za katikati ni za kubanana, waende nje ya mji kwenye hewa. Mzee wa kanisa anasema watafute kwanza palipo na kanisa. Bibi wa watoto haulizi habari za nyumba. Anauliza nani atakaa na yule binti mchana.

Uamuzi wa namna hii hufanywa kila mwaka katika nyumba nyingi za waumini: walimu, askari, wauguzi, wafanyabiashara. (Familia ya mchungaji mara nyingi haichagui, hupelekwa, lakini nayo huchagua shule.) Biblia ina habari nyingi za watu waliohama na watoto wadogo, na juma hili zitasomwa tukiwa na familia hiyo mezani.

JUMAPILI: Alichokiona Lutu

Soma Mwanzo 13:5–13. Lutu alitumia kipimo gani kuchagua mahali pa kukaa? Ni nani hawatajwi katika hesabu yake?

Ni rahisi kumhukumu Lutu kwa sababu mwisho wa habari unajulikana. Lakini yeye hakudanganywa na macho yake. Bonde la Yordani lilikuwa na maji kweli. Mifugo yake ilikuwa mingi kuliko nchi waliyokuwamo, na ugomvi wa wachungaji ulikuwa wa kweli pia. Alifanya hesabu ya mfugaji mzuri. Ila katika aya ya 10 hadi 12 hakuna neno juu ya mke wala watoto, wala juu ya jirani watakaokuwa nao. Habari za watu wa Sodoma zinaelezwa na mwandishi katika aya ya 13, baada ya hema kwisha kupigwa.

Fuatilia hatua zake. Katika 13:12 anajongeza hema mpaka karibu na Sodoma. Katika 14:12 anakaa ndani ya Sodoma. Katika 19:1 ameketi langoni, mahali pa wazee wa mji. Hakuna siku moja ambayo Biblia inasema Lutu aliamua kuwa mtu wa Sodoma.

Picha za dalali nazo si za uongo. Nyumba iko Kibaha, kiasi cha kilomita 40 kutoka katikati ya jiji kwa barabara ya Morogoro. Ina vyumba vitatu, vigae, tangi la maji na uwanja wenye miembe miwili. Kodi yake ni sawa na ile ya vyumba viwili Kimara. Picha haiwezi kuonyesha hali ya njia ya kufika hapo wakati wa masika. Haionyeshi kama nyumba imejengwa ndani ya hifadhi ya barabara, jambo ambalo wakazi wa barabara hiyohiyo walilijua kwa machozi mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kati ya Kimara na Kiluvya. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na majirani wa muda mrefu hujua mambo hayo, nao hawatozi kitu kwa kuulizwa.

Ellen G. White, katika sura ya Wazee na Manabii inayoeleza kuangamizwa kwa Sodoma, anasema kwamba katika kuchagua makao jambo la kwanza kutazamwa ni mvuto wa kimaadili na wa kidini utakaoizunguka familia. Hakusema ni jambo pekee. Maji, kazi na kodi ni mambo halali. Swali ni lipi linaanza kuandikwa kwenye karatasi.

JUMATATU: Miguu Midogo

Soma Mwanzo 33:12–17. Esau anatoa pendekezo gani? Kwa nini Yakobo analikataa?

Esau alikuwa na watu mia nne, wote watu wazima wa safari. Alitaka waondoke pamoja. Yakobo alimjibu kwa heshima kwamba watoto ni wachanga na wanyama wananyonyesha. Wakikimbizwa siku moja tu, kundi litakufa. Basi atakwenda polepole, kwa mwendo wa kazi iliyo mbele yake na kwa mwendo wa watoto. Mtu aliyeshindana na ndugu yake tangu tumboni, sasa anakubali kuachwa nyuma.

Rudi kwa familia ya Mwanza. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022, na sehemu kubwa yao asubuhi huelekea upande mmoja. Baba akikaa Kibaha, ili aingie ofisini saa mbili itampasa kutoka saa kumi na moja alfajiri. Ofisi inafungwa saa kumi jioni, lakini kwa foleni atafika nyumbani karibu saa mbili usiku. Binti wa miaka minne huamka saa kumi na mbili na kulala saa mbili. Kwa hiyo tangu Jumatatu hadi Ijumaa baba atamwona amelala.

Akikaa Kimara, karibu na kituo cha mwanzo cha mabasi ya mwendokasi, atatoka saa kumi na mbili na nusu. Foleni ya kupanda basi ipo, tena ndefu, lakini basi lenyewe lina njia yake. Jioni, tuseme anafika saa kumi na mbili na nusu. Anapata nusu saa asubuhi na saa moja na nusu jioni, yaani saa mbili kila siku ya kazi na saa kumi kwa juma. Kwa majuma 48 ya kazi ni saa 480 kwa mwaka.

Sasa nyumba ya Kibaha yenye miembe inaweza kulinganishwa na vyumba viwili vya Kimara kwa haki. Uwanja ni kitu kizuri kwa mtoto. Nafasi ya kukimbia na udongo wa kuchezea si anasa, na watoto wanaofungiwa ndani kutwa na televisheni huharibika. Mama anayekaa nyumbani na mtoto mchanga naye anahitaji hewa. Lakini lazima isemwe waziwazi kwamba uwanja huo unalipiwa kwa saa 480 za baba.

Kuna hesabu nyingine ambayo jirani asiye Msabato hana haja nayo. Dar es Salaam jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, na miezi mingine hata mapema zaidi. Ijumaa ndiyo siku ambayo barabara za kutoka mjini hujaa kuliko zote. Anayekaa mbali, asiyeweza kuomba ruhusa ya kutoka mapema, ataipokea Sabato akiwa amesimama ndani ya daladala, huku mke na watoto wakiimba peke yao. Mara moja si kitu. Ikiwa ni Ijumaa 50 kwa mwaka, watoto watajifunza kwamba Sabato huanza baba akiwa hayupo.

Habari ya Yakobo haiishii hapo, na wanafunzi wa Biblia hawapaswi kuifunga kitabu kwenye aya ya 17. Soma 33:18–20 kisha aya za kwanza za sura ya 34. Yuleyule aliyepima njia kwa miguu ya watoto alinunua kiwanja mbele ya mji wa Shekemu na kukaa hapo. Binti yake Dina alitoka kuwaona binti za nchi, akatendewa uovu. Kosa ni la aliyetenda. Biblia haimlaumu Dina, na darasa lisimlaumu. Lakini Yakobo alikuwa ameweka nadhiri Betheli (28:20–22), na ni baada ya msiba ndipo anaambiwa tena apande kwenda huko (35:1). Alikuwa mwangalifu sana wa safari. Je, aliuliza habari za mji kwa uangalifu uleule?

JUMANNE: Mtoto Aliyeachwa Shilo

Soma 1 Samweli 1:21–28 na 2:12–26. Samweli aliachwa katika mazingira gani? Ni nini kilichomlinda?

Wazazi wengi wakitafuta shule ya awali huanza na jina lililo getini. Habari ya Samweli inasumbua kwa sababu hapakuwa na jina kubwa kuliko la Shilo. Hema ya Bwana ilikuwapo, na kuhani mkuu pia. Tena walikuwapo Hofni na Finehasi, waliopora nyama ya sadaka na kufanya uchafu mlangoni pa hema, nao walikuwa wakubwa wa mahali hapo.

Hana alikuwa na nadhiri yake, na si kila mzazi ameitiwa jambo hilo. Tazama tu mambo mawili. Kwanza, hakumpeleka mpaka alipomwachisha ziwa. Elkana alipokwenda kutoa dhabihu ya mwaka, Hana alibaki nyumbani na mtoto. Pili, baada ya kumpeleka hakuacha kufika. Kila mwaka alikuja na kanzu ndogo aliyoishona mwenyewe (2:19). Ili kanzu iwaenee watoto wanaokua, mshonaji lazima awe anajua urefu wao.

Mwaka 1872 Ellen G. White aliandika kwamba wazazi wawe walimu pekee wa watoto wao hadi wafikie miaka minane au kumi. Waumini wengine waliishika kauli hiyo kama sheria ya kila mahali. Januari 1904, nyumbani kwake California, alikaa na wahusika wa shule ya kanisa ya jirani waliokuwa wakibishana juu ya umri wa kuanza shule. Aliwaeleza kwamba shauri lile lilitolewa wakati shule za kanisa hazikuwapo, na kwamba mtoto asiye na mtu wa kumfundisha nyumbani asiachwe azurure kwa sababu tu hajafikisha umri. Aliwataka watumie busara kulingana na hali ya watoto waliokuwa mbele yao. Kwa hiyo mama anayeweza kukaa na mtoto wake asione haya kwamba binti wa miaka minne hayuko shuleni, na mama anayefanya kazi ya zamu asihukumiwe kwa kumpeleka.

Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kwa darasa hilo. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, ingawa shule nyingi za mijini zimezidi sana idadi hiyo. Vituo vya kulelea watoto mchana husajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Kuomba kuona cheti cha usajili si utovu wa adabu.

Familia hii ina chaguo tatu. Ipo shule ya awali ya kanisa, nzuri, lakini upande mwingine wa jiji. Basi lake humchukua mtoto saa kumi na moja na nusu alfajiri na kumrudisha saa kumi jioni. Lipo darasa la awali la shule ya msingi ya serikali, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, lenye watoto wengi. Na kipo kituo cha mama mmoja Mlutheri mtaani, watoto kumi na wanane, wasaidizi wawili.

Kanisa lina shule zake kwa sababu nzito, na mwenye nayo karibu ana baraka. Lakini saa za gizani ndani ya basi ni sehemu ya shule, na mtoto wa miaka minne ndizo atakazozikumbuka. Nani amekaa naye huko nyuma? Akijikojolea, nani anambadilisha nguo? Mzazi aulize hayo hata kama ubao wa getini una jina la kanisa lake.

Aende bila kutoa taarifa, saa ya uji. Atazame choo kabla ya kutazama darasa. Atazame kama kuna fimbo mezani. Amsikilize mwalimu anavyosema na mtoto anayelia, maana wale wanaocheka kila mwalimu huwaweza. Aulize nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni, na kama wanajua kumkatalia mtu ambaye hawajaelezwa. Aulize watoto wanacheza muda gani. Shule inayojivunia kwamba watoto wa miaka minne wanarudi nyumbani na daftari tatu za kazi inajivunia jambo baya. Kiingereza kitakuja, kwa umri huo mtoto anahitaji kwanza lugha ambayo anaweza kuisemea kwamba ameumizwa.

Fikiria: Katika Mathayo 18:10 Yesu anataja malaika wa hawa wadogo. Kauli hiyo inabadilishaje namna mzazi anavyotembelea shule?

JUMATANO: Kulala na Kuamka

Soma Kumbukumbu la Torati 6:4–9. Musa anataja nyakati gani nne za kuwafundisha watoto?

Uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo. Hakutaja darasa. Na nyakati mbili za mwisho ndizo zilezile zinazoliwa na nyumba ya mbali au basi la alfajiri. Ibada ya asubuhi katika nyumba nyingi imekufa hivyo, bila mtu yeyote kuikataa. Ilianza kuwa fupi, ikawa ya Jumapili tu.

Utembeapo njiani: zile dakika kumi za kwenda shule kwa miguu, mkono wa mtoto ukiwa ndani ya mkono wa mzazi, zinaingia katika agizo la Musa moja kwa moja.

Soma pia Mwanzo 13:18. Abramu alipohamisha hema kwenda Hebroni, alijenga nini?

ALHAMISI: Kando ya Mto Ahava

Soma Ezra 8:15–23. Ezra alifanya nini kabla ya kuondoka? Aliwaombea akina nani?

Ezra alipiga kambi siku tatu kando ya mto, akawahesabu watu, akagundua kwamba hawakuwa na Mlawi hata mmoja. Akatuma watu kuwatafuta. Kisha wakafunga, wakaomba wapewe njia iliyonyoka, kwa ajili yao na kwa ajili ya watoto wao wadogo. Hesabu na maombi vilifanyika katika kambi ileile, na hakuna kilichochukua nafasi ya kingine.

Baba wa Mwanza alifanya vivyo hivyo. Familia ilifunga siku moja. Kisha hakulipa kodi ya picha. Alipanda basi peke yake, akafikia kwa binamu, akakaa siku sita. Jumanne alisafiri kutoka Kibaha hadi Posta saa za kazi, maana Jumapili barabara haikuambii kitu. Jumatano alitoka Kimara. Sabato alikwenda katika kanisa la hapo, naye hakukaa tu mbele na wanaume. Alisimama mlangoni pa darasa la watoto aone kama kuna mwalimu, au kama watoto wanakusanywa tu wanyamaze.

Walichukua vyumba viwili vya Kimara. Binti aliandikishwa kwa yule mama Mlutheri, kwa makubaliano kwamba ibada wataifanya nyumbani na kwamba siku ya Sabato haombwi kitu. Walipoteza miembe, na shule ya kanisa pia. Mama alilia kidogo aliposikia uwanja ni wa kuchangia na wapangaji wengine watano. Miongoni mwa wapangaji hao yumo mlevi mmoja, na redio yake. Yeremia 29:7 iliandikwa kwa watu ambao hawakuchagua majirani zao. Waliambiwa wautafute usalama wa mji ule na kuuombea.

Miezi minne baadaye uhamisho wa mama ulijibiwa. Amepangiwa hospitali ya Kibaha, kwa zamu za mchana na usiku.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Mwanzo 19:1–16 na 35:1–4, ukilinganisha namna Lutu na Yakobo walivyoondoka mahali walipokuwa wamekaa. Angalia hasa kile ambacho nyumba ya Yakobo ilikizika chini ya mwaloni kabla ya safari.

Maswali ya Kujadili:

1. Darasa likae na ile familia ya Kimara. Sasa baba anafanya kazi mjini na mama Kibaha. Asubuhi mama atakwenda kinyume cha foleni, lakini siku za zamu ya usiku hatakuwapo watoto wanapolala. Je, wabaki, wahamie Kibaha, au watafute mahali pa katikati kama Mbezi? Hesabuni saa za kila mzazi kabla ya kutoa shauri.

2. Mwenye mshahara mdogo mara nyingi hana nyumba mbili za kuchagua. Hukaa anapoweza kulipa. Somo hili linamwambia nini mtu huyo? Na kanisa la karibu naye linaweza kubeba sehemu gani ya mzigo wake, kwa mfano kumpokea mtoto kati ya saa kumi na saa moja jioni?

3. Binti ameanza kurudi nyumbani na nyimbo na sala alizofundishwa kituoni. Baadhi ni nzuri. Wazazi wake wazipokeeje?

4. Ni familia ngapi zimehamia katika eneo la kanisa lenu mwaka huu? Nani aliyewapokea, na mtoto wao wa kwanza kupata rafiki alimpata wapi?